Addis Ababa: Ugenini wanakohesabu saa kama sisi

Mwambie kijana wa Nairobi mkutane saa tatu, kisha umtazame usoni. Atanyamaza kidogo, apige hesabu kichwani, halafu aulize: "Tatu ya Kiswahili ama three?" Kizazi chetu kimefika hapo. Tunaongea Kiswahili kutwa nzima, lakini saa tumewaachia Waingereza. Niko tao saa four. Mechi ni saa nine. Saa moja asubuhi, ile saa moja yenyewe, imebaki ya nyanya zetu na ya watangazaji wa habari redioni.

Sasa kuna jiji kubwa, la mamilioni ya watu, mwendo wa saa mbili hivi kwa ndege kutoka JKIA, ambako kila mtu, kuanzia profesa hadi muuza karanga, huanza kuhesabu saa pale jua linapochomoza. Saa moja ni asubuhi. Adhuhuri ni saa sita. Jua likizama ni saa kumi na mbili. Na watu hao Kiswahili hawakijui hata kidogo.

Jiji hilo ni Addis Ababa. Nilitua huko Jumanne ya kwanza ya Novemba 2024 kwa kozi ya siku tano ya upigaji picha, nikiwa na wenzangu wawili. Mmoja ni dada wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ambaye hakuwa amewahi kuvuka mpaka wowote. Mwingine ni jamaa wa Marsabit, Mborana, mtu wa maneno machache. Nawataja mapema kwa sababu jiji lilitupokea kila mmoja kwa namna yake.

Cha kwanza kukupokea ni baridi. Sisi Wanairobi hujigamba kwamba tunaishi mlimani, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Addis iko zaidi ya mita 2,300. Jioni ukitoka bila sweta utajuta, na ukipanda ngazi za orofa tatu kwa kasi ya nyumbani, kifua kitakwambia upunguze. Hewa inanukia mikalitusi. Miti hiyo si ya asili ya huko. Ililetwa kutoka Australia enzi za Mfalme Menelik wa Pili, baada ya jiji kuanzishwa mwaka 1886 na kuni kuanza kuadimika. Jina la jiji lilitolewa na mkewe, Malkia Taytu, na maana yake ni ua jipya.

Cha pili ni magari, na hapa naomba usome polepole kwa sababu ni suala la uhai wako. Ethiopia huendesha upande wa kulia. Miaka yote umefunzwa kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka, na shingo yako imezoea hivyo. Huko gari linatokea kushoto. Tena halina kelele. Januari 2024 serikali ya Ethiopia ilitangaza kwamba magari ya kibinafsi ya petroli na dizeli hayataruhusiwa tena kuingizwa nchini, na matokeo yake unayaona barabarani: magari ya umeme, mengi kutoka China, yanakupita yakinong'ona tu. Umeme wanao. Tangu mwishoni mwa 2022 Kenya huununua kutoka kwao, ukisafirishwa kwa waya hadi Suswa. Huenda simu unayosomea makala haya ilichajiwa na maji ya mto wa Ethiopia.

Matatu zao ni zile zile Hiace tunazozijua, zimepakwa buluu chini na nyeupe juu, mlango ukiwa upande wa kulia. Hazina muziki wa kupasua masikio, hazina michoro ya wachezaji wala wanamuziki. Makanga anaye, na anapayuka kama wetu. Asubuhi ya kwanza tulimsikia mmoja akiita, "Mexico! Mexico! Mexico!" Yule dada wa Umoja akaangua kicheko: "Wah, bei gani?" Kumbe Mexico ni mtaa wenye uwanja uliopewa jina hilo kwa sababu nchi ya Mexico ilikataa kutambua uvamizi wa Italia dhidi ya Ethiopia miaka ya 1930. Ukitaka kushuka husemi "shukisha" wala hugongi paa. Unasema "weraj ale", yaani kuna mtu anashuka. Inanipendeza hiyo, kwamba mtu anajitangaza kana kwamba anamsemea mwingine.

Lakini kilichotuduwaza ni jioni. Watu wametoka kazini, matatu ni chache, na badala ya vurumai ile ya Ambassadeur au Muthurwa mvua inaponyesha, watu wamepanga foleni. Foleni ndefu, inazunguka kona, kimya, kila mtu na simu yake. Matatu ikija inajaza kumi na kitu wa mbele na kuondoka. Hakuna anayeingilia dirishani. Nilisimama kwenye mlolongo huo karibu dakika arobaini, na nusu ya muda huo niliutumia kungoja mtu wa kuleta fujo. Hakutokea.

Wanayo pia treni ya umeme ya mjini, iliyofunguliwa mwaka 2015 na kusifiwa wakati huo kama ya kwanza ya aina yake Afrika kusini mwa Sahara. Inapita juu ya barabara, na kwa macho ni nzuri. Ila treni nyingi zimeegeshwa kwa kukosa vipuri, na chache zinazotembea hujaa hadi mlangoni. Anayedhani jirani amemaliza shida zote za usafiri, hapo atatulia.

Turudi kwenye saa. Mwenyeji wetu, kijana wa huko anayesomea usanifu wa majengo, alitutumia ujumbe kwa Kiingereza: kesho tukutane Meskel Square saa 3. Dada wa Umoja akafurahi, akasema tutalala hadi saa nne tukatembee kwanza. Mimi nimelelewa na nyanya Taveta, na kwake hakukuwa na saa nyingine ila ya jua. Nikamjibu mwenyeji: saa tatu ya asubuhi? Akajibu upesi: "Ya asubuhi, ndiyo. Saa tatu usiku tutapiga picha ya nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu huyu na nyanya yangu wanatumia saa moja, ingawa hawangeweza hata kusalimiana. Wala si uchawi. Anayeishi karibu na ikweta huona jua likichomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, basi kuna sababu gani ya kuanza kuhesabu siku katikati ya giza, watu wamelala? Wanaoishi mbali na ikweta, ambako jua hubadilisha ratiba kila msimu, ndio wasioweza kutegemea mapambazuko. Saa yao tumeivaa sisi, na tunaona ya nyanya ndiyo ya kishamba. Waethiopia wana simu zile zile tulizo nazo, na kioo cha simu kinaonyesha 9:00, lakini mdomo unasema tatu. Tahadhari moja tu: tiketi ya ndege huandikwa kwa saa za kimataifa, ila basi la kwenda mikoani ukiambiwa ni saa kumi na moja, hiyo ni alfajiri, kabla ya jogoo kumaliza kazi.

Kalenda nayo ni habari nyingine. Kwenye ukuta wa mkahawa palikuwa na kalenda ya mwezi wa Tikimt, mwaka 2017. Ndiyo, 2017. Mwaka wao una miezi 13: kumi na miwili ya siku 30 kila mmoja, na wa mwisho, Pagume, wa siku tano au sita. Mwaka mpya huanza Septemba, na wako nyuma ya kalenda yetu kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi. Dada wa Umoja alikaa akiitazama kalenda ile, kisha akasema, "Kumbe mimi niko form two. Naweza kurekebisha mambo."

Siku yetu ya pili ilikuwa Jumatano, na hapo Mkenya hujaribiwa. Tuliingia hotelini tukiwa na njaa ya nyama. Mhudumu akatuletea sinia moja kubwa la injera, ule mkate laini mchachu unaofanana na sponji, wa nafaka ndogo mno iitwayo teff. Juu yake kulikuwa na vilima vya dengu, kabeji, sukuma, viazi sukari na shiro, rojo la unga wa dengu. Nyama hakuna. Waumini wa Kanisa la Orthodox hufunga kila Jumatano na Ijumaa: hawali nyama, maziwa wala mayai, na mikahawa mingi hufuata. Mfungo huo wanauita tsom. Rudia neno hilo taratibu kisha ulinganishe na saumu.

Ukishaanza kusikia maneno hayo, huachi. Farasi wao ni feres, na ndilo jina la programu ya teksi tuliyoitumia wiki nzima. Saba ni sebat. Kitabu ni metsehaf, nawe una msahafu. Kahawa ni buna, na sisi kahawa mbichi tunaiita buni. Kiamhari ni ndugu wa Kiarabu, na Kiswahili kilikopa kwa Kiarabu, kwa hiyo wajukuu wamekutana mjini bila kutambulishana. Dada wa Umoja alikuwa akiandika orodha kwenye simu. Kufikia Ijumaa ilikuwa imepita maneno thelathini, na alianza kuwapima madereva wa teksi nayo.

Habari ya pesa inahitaji maelezo. Hadi Julai 2024 serikali ndiyo iliyokuwa ikisimamia bei ya birr, na dola moja ilikuwa kama birr 57. Tarehe 29 mwezi huo ikaiachia soko. Tulipofika dola ilikuwa imepita birr 120. Kwetu ilikuwa shilingi 129. Kwa hivyo birr moja ilikuwa karibu shilingi moja, na kwa Mkenya hiyo ni raha tupu: bei unaisoma ukutani bila kikokotoo. Kikombe cha makiato birr 50, sawa na shilingi hamsini hivi. Miezi minne nyuma, birr hizo hizo zingekutoka zaidi ya shilingi mia moja. Tulisherehekea sana mezani, mpaka tulipogundua kwamba mwenyeji wetu hacheki. Mafuta ya kupikia kwao yananunuliwa kwa birr hizi hizi tunazoziona rahisi.

Vijana watakunong'onezea barabarani wakubadilishie dola. Achana nao, nenda benki. Nembo ya M-Pesa utaiona, maana Safaricom ilianza kazi Ethiopia mwaka 2022 na M-Pesa ikafuata 2023, na moyo utaruka kama umekutana na binamu. Lakini hiyo ni M-Pesa ya huko, ya birr na ya laini ya huko. Wenyeji wengi wanatumia telebirr. Beba noti.

Alhamisi mwenyeji alitupeleka Piassa. Jina ni la Kiitaliano, kumbukumbu ya waliolikalia jiji kuanzia 1936 hadi 1941. Hapo ndipo palipokuwa moyo wa Addis ya zamani: maduka ya sonara, mikahawa, nyumba za udongo na mabati zilizobanana nyuma ya majengo makuukuu. Machi 2024 sehemu kubwa ilibomolewa katika mradi wa serikali wa kupanua barabara na kulipamba jiji. Tulichokuta sisi ni njia pana za wapita kwa miguu, vijia vya baiskeli, maua, taa zinazobadilisha rangi, na jumba jipya la makumbusho ya vita vya Adwa, ambako Waethiopia waliwashinda Waitaliano mwaka 1896. Tulipiga picha kama wendawazimu. Usiku mahali pale panapendeza, siwezi kusema uongo.

Mwenyeji alitungoja tumalize. Kisha akatembea hatua kama ishirini hadi kwenye kitanda cha maua, akasema, "Hapa palikuwa jikoni kwetu."

Familia yake ilikuwa ikiishi katika nyumba ya kebele, zile nyumba za kupanga za serikali zenye kodi ndogo sana, zilizotokana na utaifishaji wa mwaka 1975. Paa lilivuja. Choo walitumia familia tano. Mamake ni fundi wa nguo, na wateja wake wote walikuwa hapo hapo, umbali wa kuitana. Walipoambiwa wahame, walipewa fleti ukingoni mwa jiji. Nilimuuliza kama ana hasira. Alifikiri kabla ya kujibu. Alisema fleti ina choo ndani na maji, na kwamba kama mwanafunzi wa usanifu angekuwa mwongo akisema Piassa haikuhitaji kurekebishwa. "Lakini hakuna aliyetuuliza," akasema. "Na mama hana mteja hata mmoja kule."

Nairobi ingefaa kuziiga njia hizo za miguu kesho asubuhi. Namna zilivyopatikana, hapana. Sisi wenyewe mwaka huo huo tumeona tingatinga Mathare na Mukuru baada ya mafuriko, na tunajua jinsi mtu anavyobaki amesimama kando ya godoro lake.

Jumamosi alitualika kwao. Matatu mbili na mwendo wa miguu juu. Cherehani ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa, na kando yake rundo dogo la nguo za shule. Mteja wa kwanza alikuwa amepatikana wiki ile, jirani wa orofa ya pili. Mama akatandaza nyasi mbichi sakafuni, akawasha jiko la makaa, akatia ubani, akakaanga buni mbele yetu huku akipitisha kikaango ili kila mmoja avute harufu. Kahawa ikachemshwa kwenye jebena, birika jeusi la udongo, ikamiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Aliyewahi kunywa kahawa chungu Mombasa usiku atavijua vikombe hivyo.

Hunywi kimoja ukaondoka. Ni mizunguko mitatu, kila mmoja mwepesi kuliko uliotangulia, na kila mmoja una jina lake. Wa kwanza ni abol, wa pili tona, na wa tatu, ambao ni kukosa adabu kuukimbia, ni bereka. Dada wa Umoja akauliza maana yake. Mwenyeji akaanza kutafuta neno la Kiingereza, lakini yeye hakumngoja. "Baraka," akasema. Mama akageuka, akatikisa kichwa kukubali, akamwongezea sukari.

Na jamaa wa Marsabit? Huyu wiki nzima alikuwa kwao. Sisi wawili tulisalimiwa kwa Kiingereza kila tulipopita. Yeye walimsemesha Kiamhari, na alipojibu kwa Kiborana, lahaja ya Kioromo, nusu ya wauzaji wakabadilisha lugha papo hapo. Addis imezungukwa na jimbo la Oromia, na Waoromo huliita jiji hilo Finfinnee. Kwa mama muuza maparachichi alikaa robo saa nzima wakiulizana mifugo na mvua, akarudi na mfuko uliojaa kwa nusu ya bei tuliyotajiwa sisi. Jioni moja alisema maneno mengi kuliko wiki nzima. Alisema Nairobi kila siku anaulizwa kama kweli ni Mkenya. "Hapa wananiuliza kama kweli mimi ni mgeni." Kisha akaendelea kumenya parachichi lake.

Jambo la mwisho ni la Kiswahili chenyewe. Ukipita Makao Makuu ya Umoja wa Afrika, jengo lililojengwa kwa ufadhili wa China na kufunguliwa 2012, kumbuka kwamba Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi ya umoja huo tangu Februari 2022, na kwamba mwaka 2004 Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwahutubia viongozi wenzake hapo Addis kwa Kiswahili, wengine wakihaha kutafuta mkalimani. Nje ya lango, dereva wetu wa teksi alikuwa na maneno matatu tu: jambo, hakuna, matata. Tulimwongezea la nne, farasi, akalikubali bila ubishi.

Kwa anayetaka kujionea: Mkenya hahitaji viza, ni pasipoti tu, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikiache. Wenye muda na mgongo imara wanaweza kwenda kwa barabara kupitia Isiolo, Marsabit na Moyale, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa Desemba 2020. Yule jamaa wetu alirudi kwa njia hiyo, akatuma picha kila alipopata mtandao. Dola zako badilisha kidogo kidogo, zisikubakie birr usizoweza kutumia nyumbani. Sweta mbili, si moja. Na nyama yako ile Alhamisi.